Choo kinachocheza: nilivyobadilisha flenji baada ya kutengeneza sakafu ya bafu

Choo cha kukaa kikianza kucheza, hata kama ni kidogo kiasi kwamba ni mwenye nyumba tu anayehisi, usikimbilie dukani kununua pete ya nta, ile inayoziba maji kati ya choo na bomba. Tafuta kwanza namna ya kuiona sakafu kwa chini. Nasema hivi kwa sababu kwetu pete ya nta ilikwisha kubadilishwa, kwa pesa ya kutosha, na fundi aliyekuja na gari lenye maandishi ubavuni. Alikuwa mpole, alifanya kazi safi, akapaka silikoni kuzunguka sinki lote la choo mpaka ikawa inang'aa. Kabla mwaka haujaisha choo kilikuwa kinacheza tena, na kule chini, ambako yeye hakushuka, mbao zilikuwa zinaendelea kuoza.

Tunaishi St. Paul, Minnesota, Marekani, kwenye nyumba ya mbao iliyojengwa miaka ya 1950. Mimi nimekulia Tanga, Ngamiani, kwa mjomba wangu ambaye ni fundi bomba mpaka leo. Nilianza kumshikia spana nikiwa shule ya msingi, na kazi yangu maalumu ilikuwa kuchambua nyuzi za katani za kuzungushia kwenye meno ya mabomba ya chuma kabla hajayakaza. Kwa hiyo mabomba hayanitishi. Kilichonipa shida huku ni sakafu.

Kwa waliozoea nyumba za zege nieleze kidogo. Kwetu Tanga sinki la choo linakaa juu ya zege. Bomba la inchi nne linatokeza sakafuni au ukutani, fundi analiunga na mdomo wa sinki kwa raba, anakaza skrubu mbili, anapiga saruji nyeupe kuzunguka, kazi imekwisha. Zege halilegei wala halinyonyi maji likavimba. Nyumba zetu za huku sakafu ni mbao zilizolazwa juu ya boriti, na sinki haliungwi na bomba moja kwa moja. Katikati yake kuna flenji: duara pana la inchi saba hivi, lenye shingo fupi inayoungana na bomba la maji taka, na ukingo unaolala juu ya sakafu na kufungwa kwa skrubu. Ukingo huo una matundu mawili marefu, kushoto na kulia, ambamo vichwa vya bolti mbili vinaingia na kujibana. Bolti zinasimama wima, sinki linashuka juu yake, nati zinakazwa. Kati ya shingo ya sinki na flenji ndipo inapokaa ile pete ya nta.

Kwa maana hiyo flenji inafanya kazi mbili kwa pamoja. Inaliunga sinki na bomba, na inalishika sinki lisitoke mahali pake. Lakini yenyewe inashikwa na nini? Na sakafu. Sakafu ikioza, skrubu za flenji hazina pa kuuma, flenji inainuka na kushuka kila mtu anapokaa, na sinki nalo linafuata.

Nta yenyewe haikauki na haigandi kama gundi. Unaiminya mara moja, inajaa pale ilipominywa, na hapo ndipo inapobaki. Hairudi nyuma. Sinki likiegemea kushoto inaminywa upande wa kushoto. Likirudi kulia, kule kushoto kunabaki uwazi. Kila ukivuta maji, kiasi cha kijiko kinapenya. Hukioni, kwa sababu juu pamefunikwa na zulia la plastiki na silikoni inayong'aa. Kinashuka kwenye mbao, kimya, miaka. Ndiyo maana ile silikoni ya kuzunguka pande zote iliniudhi kuliko nta yenyewe: ilifanya maji yasitokeze mbele ya macho yetu, yakatafuta njia ya chini.

Nilimpigia mjomba, nikamtumia na picha. Kwanza alicheka.

"Nta? Nta ya mishumaa?"

"Inafanana na ya mishumaa, mjomba. Ila laini zaidi, na inanata."

"Makubwa! Haya, niambie mwanangu. Hilo sinki limetulia au linacheza?"

"Linacheza."

"Basi achana na hiyo nta. Tafuta kinacholichezesha."

Nyumba yetu ina chumba cha chini ya ardhi, kama nyumba nyingi za upande huu, na bomba la choo linapita darini mwake bila kufunikwa. Nilishuka na tochi. Kuzunguka pale bomba linapoingia sakafuni mbao zilikuwa nyeusi, na weusi ule ulikuwa umesambaa mpaka kwenye boriti ya jirani. Nikachukua bisibisi nikachoma. Kwenye mbao nzima bisibisi inagoma. Pale iliingia mpaka karibu na mpini, na nilipoichomoa ikatoka na unga wa mbao uliolowa. Nikagusa bomba lenyewe. Lilikuwa na mstari wa unyevu upande mmoja tu, upande ule ule ambao sinki lilikuwa linaegemea.

Jirani yetu, Baba Neema, ni seremala kutoka Uvira, Kongo, na huku anafanya kazi ya kuweka sakafu. Alikuja jioni, akapanda, akashika sinki kwa mikono miwili akalitingisha, akashuka, akatazama juu. "Mama Zuhura," akasema, "choo yako haina shida. Hii mbao ndiyo imekufa." Tukakubaliana: yeye sakafu, mimi bomba. Nilichukua kibali cha mji kwanza. Hili liangalie mapema, kwa sababu sheria za Marekani hutofautiana jimbo kwa jimbo. Massachusetts, kwa mfano, inataka kazi ya mabomba ifanywe na fundi mwenye leseni hata kama nyumba ni yako.

Jambo la pili la kuangalia kabla hujashika mtaimbo ni umri wa sakafu. Nyumba za wakati ule zilipenda vigae vya plastiki vya mraba wa inchi tisa, na vingi vilichanganywa na asbesto, pamoja na gundi nyeusi iliyovishika. Vikiwa vimelala salama havina neno. Ukivikwangua au kuvikata, vumbi lake ni hatari kwa mapafu, na madhara yake hujitokeza baada ya miaka mingi. Chini ya zulia letu kulikuwa na kipande cha sakafu ya zamani, tukakata sampuli ndogo ikiwa imeloweshwa maji, tukaipeleka maabara na kusubiri majibu. Hayakuwa na asbesto. Kungojea kulitugharimu siku za kuazima choo, lakini nina watoto ndani ya nyumba na sikuwa na haraka ya namna hiyo.

Kuhusu choo cha kuazima: nyumba nyingi za zamani huku zina sinki la choo chini kabisa, peke yake, bila ukuta wala mlango, limefungwa kwenye sakafu ya zege karibu na mahali pa kufulia. La kwetu lilikuwa halijatumika muda mrefu. Tukalisafisha, tukatundika kanga mbili kama pazia, ikawa ndiyo choo cha familia. Nakiri nilikuwa nikikaa pale najisikia nyumbani. Zege, sinki halitikisiki hata kidogo, umri wake sawa na wa nyumba.

Kutoa sinki la juu hakukuwa na maneno. Funga koki ya ukutani, vuta maji, kamua yaliyobaki kwa sponji, fungua mpira wa maji, kata silikoni kwa kisu, fungua nati. Nati moja ilikuwa imeshikwa na kutu, nikaikata na msumeno wa chuma. Tangi nililifungua peke yake kwanza, kwa sababu sinki na tangi kwa pamoja ni mzigo wa kuumiza mgongo. Nililaza kila kitu kwenye blanketi kuukuu, nikakwangua nta ya zamani, nikaziba mdomo wa bomba kwa tambara lililofungwa kamba ili lisitumbukie. Usiache bomba wazi. Hewa ya maji taka ina salfaidi ya hidrojeni, ile yenye harufu ya mayai viza, na methani ambayo inawaka moto. Sinki likiwa mahali pake, maji yaliyotuama kwenye kiwiko chake ndiyo yanayoizuia hewa hiyo isiingie ndani. Ukilitoa, umeondoa kizuizi.

Flenji ya zamani sasa ikaonekana yote. Ilikuwa ya chuma, sehemu moja na bomba kwa macho, imekatika kwenye tundu moja la bolti. Yule fundi wa nta alikuwa ameiona. Haiwezekani kuwa hakuiona. Aliifunga bolti kwenye kipande kilichobaki akaendelea na safari yake.

Kazi ya Baba Neema nitaipita haraka, maana si yangu. Alikata mbao zilizooza mpaka akafika kwenye mbao nzima pande zote, na alikata kwa kufuata katikati ya boriti ili mbao mpya zipate pa kuegemea. Boriti iliyoathirika aliikwangua, akaiacha ikauke, kisha akaifunga boriti mpya ubavuni mwake kwa gundi na bolti. Akaongeza vipande vya mbao kati ya boriti na boriti kuzunguka tundu la bomba. Nilimwomba vipande hivyo viwe vinene, kwa sababu ndivyo vitakavyoshika skrubu za flenji, naye akanitazama kwa jicho la mtu anayeambiwa asali ni tamu. Juu akalaza plaiwudi ya robo tatu ya inchi, unene ule ule wa mbao za zamani zilizokuwa zimepigwa kimshazari.

Hapo sasa ndipo hesabu ilipoanza, na hii ndiyo sehemu ambayo ningependa mtu aisome mara mbili.

Sakafu ya zamani ilikuwa mbao na zulia jembamba la plastiki juu yake. Sakafu mpya ilikuwa plaiwudi, halafu bodi ya saruji ya robo inchi, halafu gundi ya vigae, halafu kigae chenyewe, karibu theluthi ya inchi. Ukijumlisha, sakafu imepanda zaidi ya nusu inchi. Flenji inatakiwa ilale juu ya sakafu iliyokamilika: sehemu yake ya chini iguse kigae, na uso wake uwe juu ya kigae kwa kama robo inchi. Ikikaa hivyo, pete moja ya kawaida ya nta inatosha na kubaki. Flenji yetu ya zamani, hata ingekuwa nzima, ingebaki shimoni.

Ukiwa na flenji iliyozama, dukani watakuonyesha njia nyingi. Kuna pete za plastiki za kuinulia, za robo inchi na nusu inchi, unazipanga juu ya flenji ya zamani kwa silikoni kati yake na skrubu ndefu zinazopita mpaka kwenye mbao. Hiyo ni njia halali kama flenji ya chini ni nzima na imeshika. Kuna pete za nta nene. Na kuna wanaoweka pete mbili za nta, moja juu ya nyingine. Hiyo siipendi. Nta ikizidi unene inateleza pembeni inapominywa, nyingine inaingia ndani ya bomba na kupunguza njia, na ukihitaji nta mbili ujue unaziba kwa nta pengo lililopaswa kuzibwa kwa flenji.

Kinyume chake pia kipo, ingawa watu hawakitaji sana. Mtu akifunga flenji mapema, kabla hajajua unene wa vigae, anaweza kuiacha juu mno. Hapo sinki halifiki sakafuni. Linakalia flenji, linazunguka juu yake, na hakuna nta duniani itakayolituliza. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: flenji ni ya mwisho. Sakafu iishe, vigae vikauke, ndipo bomba likatwe urefu wake na flenji ifungwe. Familia ikilalamika, watundikie kanga chini.

Kwa kuwa bomba letu lilikuwa linafikika kutoka chini, sikutaka kuihangaikia ile flenji ya zamani. Mabomba ya chuma ya miaka ile yaliungwa kwa risasi: fundi alijaza nyuzi zilizopakwa lami kwenye nafasi kati ya flenji na bomba, akazipigilia zikashiba, kisha akamimina risasi iliyoyeyushwa juu yake. Unaweza kuitoboa na kuichokonoa risasi hiyo mpaka flenji itoke, na zipo flenji za raba zinazobana kwenye bomba la chuma kwa kukazwa bolti. Hiyo ndiyo njia ya mtu ambaye hana nafasi chini. Sisi tuliamua kukata bomba chini ya sakafu na kupandisha la plastiki.

Kabla ya kukata tuliliegemeza bomba. Bomba la chuma la inchi nne ni zito kuliko linavyoonekana, na likikatwa sehemu moja uzito wake unahamia kwenye maungio mengine ambayo nayo ni ya zamani. Tulilifunga kwenye boriti kwa mikanda ya chuma, juu na chini ya mahali pa kukata. Madirisha yote wazi, tambara ndani ya bomba, miwani, barakoa, glavu. Baba Neema akakata kwa grinda, pole pole, cheche zikiruka upande wa ukuta. Kipande kilipotoka na flenji yake, nikachungulia kwenye ungio la risasi. Nyuzi bado zilikuwepo, nyeusi, zimekazana, zinanuka lami. Nikapiga picha nikamtumia mjomba. Akajibu kwa sauti: "Kumbe na wao walikuwa wanachambua!" Amewaonyesha picha hiyo nusu ya mafundi wa Tanga.

Mahali pa kuunganisha chuma na plastiki tulitumia mkono wa raba wenye ganda la chuma kisichoshika kutu kwa nje. Usinunue wa raba tupu kwa sababu ni rahisi. Raba tupu inalegea, bomba linashuka upande mmoja, na maungio ya maji taka hayataki kushuka. Isitoshe, kipenyo cha nje cha chuma na cha plastiki havilingani sawasawa, kwa hiyo kuna mikono iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya ndoa hiyo, na karatasi yake inasema wazi ni ya kuunganisha nini na nini.

Tukaacha bomba la plastiki likiwa refu, limechomoza juu ya sakafu, huku vigae vinawekwa. Baba Neema alivikata kuzunguka bomba kwa uangalifu: ukingo wa flenji lazima ulale juu ya kigae pande zote, si nusu kigae nusu hewa. Vigae vilipokauka na kujazwa, nikarudi na kalamu na msumeno.

Bila gundi kwanza. Nikaivalisha flenji juu ya bomba, nikapima, nikaweka alama, nikakata, nikaivalisha tena. Niliangalia ukingo umelala sawa, pima maji katikati ya mistari. Niliangalia umbali kutoka ukutani mpaka katikati ya tundu: inchi 12, kipimo cha masinki mengi ya huku, na upime kutoka kwenye ukuta uliokamilika, usipime kutoka kwenye ubao wa chini ya ukuta. Niliangalia pia matundu ya bolti yawe kushoto na kulia, mstari wake sambamba na ukuta wa nyuma, la sivyo sinki litakaa upande na utaliona hivyo kila siku ya maisha yako. Nilikuwa nimechagua flenji ya plastiki yenye ukingo wa chuma kisichoshika kutu, na ukingo huo unazunguka peke yake. Ni dola chache za ziada. Zinakuondolea presha ya gundi.

Maana gundi ya plastiki haisubiri mtu. Unapaka kwanza dawa ya zambarau ya kulainisha, kisha gundi yenyewe, kwenye bomba na ndani ya shingo ya flenji, unasukuma huku unazungusha kidogo, na unashikilia kwa nusu dakika, kwa sababu maungio hayo yana tabia ya kujisukuma nje. Ukisita katikati, imeshika hapo hapo. Halafu skrubu: toboa kigae kwa kekee ya vigae bila kupiga nyundo, kisha skrubu za chuma kisichoshika kutu zipite kigae, bodi, plaiwudi, ziume kwenye zile mbao nene za Baba Neema. Skrubu ya kwanza ilipokaza nilijua ile kazi yake ilikuwa na maana gani. Nilisimama juu ya ukingo wa flenji kwa miguu miwili, nikajitingisha. Haikusogea.

Mkaguzi alikuja akatazama maungio ya chini kabla hatujaendelea, akagonga bomba, akasaini.

Sinki tulinunua jipya. La zamani, kwa alama iliyopigwa ndani ya tangi, lilikuwa la miaka ya 1980, na lilikuwa linamwaga karibu lita 13 kila ukivuta. Sheria ya shirikisho ya 1992 ilishusha kiwango hicho mpaka galoni 1.6, yaani lita sita hivi, kwa masinki ya nyumbani yaliyotengenezwa kuanzia 1994. Nilikuwa na wasiwasi kama maji machache hivyo yatafanya kazi. Yanafanya.

Pete ya nta nililala nayo chumbani usiku ule. Msinicheke. Ilikuwa Februari, na kila kitu tulichonunua kilikuwa kwenye banda la gari ambako hata maji ya chupa yalikuwa yameganda. Nta iliyoganda ni ngumu, haijai vizuri. Iache ndani ya nyumba ipate joto la kawaida kabla hujaitumia.

Bolti nilizisimamisha kwanza kwenye flenji kwa washa na nati zake za ziada, ili zisianguke wakati tunashusha. Nikaweka nta juu ya flenji. Wengine huibandika chini ya sinki. Sioni tofauti, mradi iwe katikati. Kisha tukainua sinki, Baba Neema mbele, mimi nyuma, na binti yangu mkubwa amelala kifudifudi sakafuni anatuongoza. "Kushoto, mama. Kushoto tena. Hapo! Shusheni!" Bolti zikatokeza kwenye matundu yake. Kuanzia hapo sinki linashuka wima. Halizungushwi, haliinuliwi tena kulitazama. Ukiliinua, nta hiyo imekwisha, tafuta nyingine. Kuna pete za raba zinazovumilia kuinuliwa na kurudishwa, na kwa mtu anayefanya peke yake ningemshauri achukue hizo.

Halafu nikakaa. Nta inaminywa kwa uzito wa mwili, haiminywi kwa kukaza nati. Kaa, jisogeze taratibu mbele na nyuma mpaka uhisi mguu wa sinki unakwaruza kigae. Ndipo nati zikazwe, kidogo kulia, kidogo kushoto, kwa zamu, na uache zikiwa zimeshika tu. Sinki ni udongo uliochomwa; ukilikaza kwa hasira linapasuka mguuni, na hapo umenunua sinki mara mbili. Vigae vyetu vilikuwa na tofauti ndogo nyuma kulia, nikasukuma kabari mbili za plastiki chini yake, nikazikata zisionekane. Kabari za mbao usitumie bafuni.

Kupima kwetu kulikuwa kwa karatasi. Nilishuka chini nikazungushia bomba karatasi kavu ya chooni, kwenye ule mkono wa raba na pale bomba linapoingia sakafuni. Juu Zuhura anavuta maji, tangi linajaa, anavuta tena. Karatasi ya chooni haifichi: tone dogo tu, unaona duara la kijivu limetokea. Tulifanya hivyo mara nyingi, tukawaacha watoto watumie choo siku nzima, nikarudi usiku kukagua. Kavu.

Silikoni ndiyo tulikosania. Mimi nilipaka mbele na pembeni nikaacha nyuma wazi, upana wa vidole vinne, ili siku nta ikishindwa maji yatokeze sakafuni tuyaone. Baba Neema anasema kazi isiyozibwa pande zote haijaisha, na kwamba maji ya kudeki yataingia humo humo. Nikamwambia maji ya kudeki nayajua yametoka wapi. Hajakubali mpaka leo, na akija kwetu anachungulia nyuma ya sinki kabla ya kunawa mikono.

Bafu lake ndilo linalofuata. Ameshanunua vigae, vinene kuliko vyetu, na wiki iliyopita nilimkuta dukani ameshika flenji mkononi. Nikamrudishia kwenye rafu.